Duka la vitu vya watoto vya used hapa Moshi: navyonunua na ambavyo hata bure sivibebi

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo: nyota tatu kati ya tano. Hizo tatu ni za nguo, mabeseni na roho nzuri ya mama mwenye duka. Mbili nilizokata ni za vitu vya huko nyuma ya duka, vitanda, woka na viti vya gari, ambavyo vingine mi hata nikipewa bure na nauli ya bajaji juu sivibebi. Jina la duka siliandiki maana sina ugomvi na mtu, na pia haya mambo hayako kwake tu, vitu vya watoto vya used utavikuta sehemu nyingi hapa Moshi na Arusha, kwa hiyo we soma ukiwa unafikiria duka lako unalolijua.

Fremu yenyewe ni nyembamba ndefu. Mbele nguo zimening'inizwa mpaka unapita umeinama, katikati mabeseni, viti vya kulia na midoli kwenye viroba, mwisho kabisa gizani ndo kuna vitu vikubwa. Mzigo unatoka Ulaya na Marekani, mwingine Kanada, unajua kwa lebo. Bei ziko poa sana ukilinganisha na maduka ya vitu vipya: romba na visuruali elfu 2 mpaka 5, beseni la kuogea lenye kiegemeo ndani nimelichukua elfu 15, kiti cha kulia elfu 45 baada ya kuvutana. Mama mwenyewe ni wale wamama wa Kichaga wa zamani, ukiingia na mtoto mgongoni kabla hujasalimia vizuri kiti kishasogezwa, "kaa kwanza mae, umetoka na jua". Hapo siwezi kumnyima maksi.

Nguo sina maneno mengi. Nunua. Angalia vifungo kama vimelegea ving'oe ushone upya, majaketi yenye kamba ya kofia shingoni vuta hiyo kamba itoe yote utupe maana inanasa kwenye kitasa au bembea mtoto anabaki ananing'inia, halafu fua kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Nguo za ndani za mtumba TBS, shirika letu la viwango, walishazipiga marufuku na huyu mama haziweki kabisa, hongera zake.

Sasa twende huko gizani.

Kaka anayeuza alinitolea kitu kizuri kweli yani, kitambaa laini, kina fremu ya chuma, ukikigusa kinabembea, mtoto analala nusu kakaa nusu kalala. Akanambia "dada, hiki mtoto akiingia usiku hasumbui tena, we unalala mpaka asubuhi". Elfu 55, akashuka mpaka 50 kabla sijafungua mdomo. Na mama yeyote mwenye mtoto wa mwezi mmoja anajua hayo maneno yanavyoingia, usingizi tu ndo unautafuta dunia hii, mtu angeniambia laki ningeanza kuhesabu.

Shida ni hivi. Hivi vitanda vya kuegemea ndo vilivyoua watoto Marekani. Kinachojulikana zaidi ni cha Fisher-Price kinaitwa Rock 'n Play, kilianza kuuzwa 2009, na Aprili 2019 kikaondolewa sokoni, vyote, kama milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kujulikana. Januari 2023 ile tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, ikarudia tangazo kwa sababu hesabu ya vifo vilivyoripotiwa ilikuwa imefika kama 100, na angalau 8 kati ya hivyo vilitokea baada ya kitanda kuwa kimeshaondolewa sokoni. Hapo ndo pa kusimama kidogo. Kitu kishakatazwa, kinatangazwa kwenye TV, na bado kiko ndani ya nyumba za watu, kinapitishwa kwa ndugu, kinauzwa used. Kama kwao huko kwenye matangazo yote hayo kimeendelea kutumika, sisi tunaofikiwa na mzigo bila tangazo inakuaje?

Na sababu yenyewe haina uchawi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo haina nguvu. Ukimlaza kwa kuegemea, mgongo unajikunja, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanwa. Halii, hapigi mateke, anaonekana kalala vizuri tu, na ndo mana wanasema "hasumbui". Akianza kujigeuza ndo mbaya zaidi, uso unaingia kwenye kitambaa na hana nguvu ya kujitoa. Mwaka 2022 wakatunga sheria kabisa kwamba kitu cha kulalia mtoto mchanga kikiinuka zaidi ya digrii 10 ni marufuku kutengeneza wala kuuza, na sheria hiyohiyo ikafuta ile mito ya kuzungushia kitanda pembeni, ile yenye maua na vidubu ambayo dukani hapa anaiuza seti elfu 20. Mto huo mtoto anabana uso pale kwenye kona basi. Akikua kidogo anaufanya ngazi ya kutokea.

Nikamwonyesha kaka kwenye simu. Akasoma, akaniangalia, akasema "lakini dada, hivi si vya Ulaya, wenzetu wana viwango". Nikamwambia ndo mana nakuonyesha, viwango vyao ndo vimekataa. Mama mwenye duka akaja akachukua simu akavaa miwani akasoma taratibu, akasikitika kweli, akasema mi mwanangu nanunua kinacholetwa, sisomi yote haya, akamwambia kaka kipeleke stoo. Niliporudi mara nyingine nikakikuta palepale, bei imeandikwa kwa maka peni, elfu 40. Sikumlaumu sana ana hela yake pale, ila sikukaa kimya pia. Ndo biashara.

Na chenyewe lebo ilikuwa imekatwa. Kampuni hamna, mwaka hamna, namba hamna. Mi siwezi kusema kilikuwa cha nani au kwamba kilikuwa kwenye orodha ya vilivyokatazwa, ila mimi kitu cha mtoto kulalia kikiwa hakina lebo hadithi imeishia hapo. Kikiwa na lebo, piga picha, nenda kwenye tovuti ya CPSC ni bure, andika jina la kampuni na namba ya modeli, kama kimewahi kuitwa kirudishwe kitatokea na sababu yake. Bando la mia tano linatosha na unabaki na chenji ya kuangalia vichekesho. Sisemi watu wa huko wanatuletea makusudi, wengine wanasafisha gereji tu wanatoa sadaka, ila mwisho wa siku kitu ambacho dukani kwao hakiruhusiwi hata kuuzwa kinakuja kuuzwa hapa kwa sifa ya kwamba kimetoka kwao.

Mtoto alale wapi sasa? Nesi wa kliniki kaniambia kitu kilekile ambacho madaktari wa watoto wa huko wanasema: chali, godoro gumu lililonyooka, hamna mto, hamna mwanasesere, hamna blanketi la manyoya karibu na uso. Wengi wetu tunalala nao kitanda kimoja chini ya chandarua, mi pia, basi angalau baba asiwe amekunywa, mtoto asiwekwe katikati ya mito, na usilale kwenye kochi na mtoto kifuani hata kama ni dakika tano. Na hii baridi ya Juni na Julai mvalishe nguo mbili tatu badala ya kumfunika mablanketi. Tena wale wa kuingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto mtoto aogeshwe, jamani hewa yake haina harufu na inaua nyumba nzima mmelala. Mwogeshe mchana. Haijaandikwa popote kwamba mtoto lazima aoge saa moja asubuhi.

Vitanda vya mbao. Hapa kuna vizuri na vibaya vimesimama pamoja na bei zao zinafanana, elfu 120 mpaka 180. Kibaya cha kwanza ni kile ambacho upande mmoja unashuka na kupanda ili usiiname kumtoa mtoto. Raha sana kwa mgongo wa mama. Marekani wakavifuta Juni 2011, vifo zaidi ya 30 tangu mwaka 2000, kwa sababu vile vyuma vya kushushia vinachoka, upande unachomoka kona moja, panatokea nafasi kati ya godoro na mbao, mtoto anateleza humo ananasa shingo. Hapa dukani vipo viwili, na kimoja kile chuma kilishavunjika wakafunga na waya wa kufungia nondo. Waya! Nikamuuliza kaka hii mtoto akiitikisa? Akasema "fundi atakupigia msumari". Kitanda kilichosafiri bahari nzima kimefunguliwa na kufungwa huku na huku, nusu ya skrubu zimebaki bandarini, halafu fundi wa Pasua amalizie na msumari wa nchi tatu, hapana.

Kile cha pili cha kuangalia ni nafasi ya fito na fito. Isizidi sentimita 6. Ikizidi mwili wa mtoto unapita, kichwa kinabaki. Kama huna futi chukua kopo la soda la 330, lile nene la zamani na sio haya membamba marefu ya siku hizi, likipita kati ya fito basi mtoto naye atapita. Nililitoa kwenye mkoba pale dukani mpaka wateja wakacheka wakadhani nina kiu. Kitanda cha kizungu cheupe kizuri kopo likagoma kupita, safi. Kingine cha mbao nyekundu ambacho kumbe hakikutoka nje, kimetengenezwa hapahapa kikapigwa vanishi kikachanganywa humo, kopo likapita likaanguka upande wa pili. Bei ileile.

Godoro nalo linauzwa peke yake, na godoro lililokatwa kwa kukisia ndo mtihani. Ukiweka godoro, vidole viwili vikiingia pembeni kati yake na mbao, ni dogo. Na bonyeza na kiganja, mkono ukizama ukaacha shimo, hilo ni la mtu mzima kuangalia TV. Ushauri wangu kama una laki na nusu: nenda kwa seremala unayemwamini mchoree, mwambie fito sentimita 6 au chini, pande zote zisishuke, kona zisiwe na vichwa vilivyochomoza vya kunasa nguo, asipake rangi mpaka umwone anafungua kopo jipya, kisha kiache kitanda uani kikauke mpaka harufu iishe. Utapata kitu kizuri kuliko vyote vilivyo pale na hela imebaki Moshi.

Sasa woka, kile kigari cha magurudumu anachowekwa mtoto eti ajifunze kutembea. Mume wangu Baba Chanja ndo alitaka, namwita hivyo kwa sababu kila anachoona anasema "nunua tuchanje njia ya maendeleo". Beibi woka ya bluu, ina usukani, inapiga muziki, elfu 35. Mtoto akiwekwa anacheka mpaka mate yanamwagika, na mzazi anaona mwanangu ana miezi saba na anatembea. Hatembei. Anaendeshwa.

Kanada wamepiga marufuku woka tangu Aprili 2004, kuuza, kuagiza, kutangaza, hata kuuza ya zamani kwenye mnada wa uani kwako ni kosa, faini inaweza kufika dola laki moja za kwao au miezi sita ndani. Marekani hawajapiga marufuku ila utafiti uliotoka 2018 ulihesabu watoto zaidi ya laki mbili na thelathini elfu wa chini ya miezi 15 waliopelekwa dharura kati ya 1990 na 2014 kwa sababu ya woka, zaidi ya tisini kati ya kila mia wameumia kichwa au shingo, na wengi wameporomoka kwenye ngazi. Na mara nyingi mzazi anakuwepo hapohapo anaangalia. Kitu kile kinaenda zaidi ya mita moja kwa sekunde, ukishtuka tu ukasema "we!" kishafika.

Utasema nyumba zetu hazina ngazi za ghorofa. Angalia vizuri. Kuna ngazi mbili za barazani, kuna kizingiti cha jikoni, uani pameinama ili maji ya mvua yatoke, na wale wa Kibosho na Marangu nyumba nzima iko kwenye mteremko, ukiteleza hapo unasimamia kwa jirani. Halafu kitu ambacho wenzetu hawana sana, jiko liko chini sakafuni. Sufuria ya uji kwenye mkaa, chupa ya chai juu ya stuli, kitambaa cha meza kinaning'inia, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda chini ya meza. Mtoto anayetambaa anafika kwa shida na unamwona anakuja. Mtoto wa kwenye woka anafika akiwa amesimama na mkono unafika juu. Maji ya moto hayahitaji hata kuchemka, yakiwa digrii 60 ni sekunde chache tu ngozi imetoka.

Aliyemaliza huo mjadala ni mama mkwe wangu aliyekuwa ameshuka na gari la asubuhi kuleta ndizi za mtori. Akaitazama ile woka dukani, akaisukuma kwa mguu ikaenda yenyewe mpaka kwenye viroba, akamwambia mwanae, "Baba, mimi nimewalea ninyi nane kwenye mkeka, nani kati yenu hatembei?" Kimya. Akaongeza, "mtoto akitambaa ndio anaota magoti". Na wataalamu wako upande wake, woka haiharakishi mtoto kutembea, wakati mwingine inachelewesha maana anasukumia vidole badala ya kujifunza kujinyanyua na kubalansi. Tukatoka na mkeka wa elfu 12 wa nje ya duka. Muuza mikeka kafurahi.

Huyohuyo bibi kwenye asali lakini tuligongana. Anataka mtoto alambishwe asali ya nyumbani ili kifua kifunguke. Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapana, hata iwe ya nyuki wa kihamba chako mwenyewe, ndani inaweza kuwa na mbegu za vijidudu vya botulizimu ambazo tumbo la mtu mzima linazishinda na la mtoto mchanga linaziacha ziote, mtoto analegea, choo kinafunga, kunyonya kunakuwa shida, mwisho kupumua. Nikamwambia mama tusubiri afike mwaka utamlambisha chupa nzima. Kanuna siku ile, kesho yake tukaendelea na maisha.

Viti vya gari. Vipo vingi na vinauzika siku hizi maana watu wana IST na Passo zao. Hapa sitasema usinunue, nasema ugeuze kiti chini juu kwanza. Kwenye plastiki ya chini au mgongoni pamegongwa tarehe ya kutengenezwa, na nyingi zinaandika pia mwisho wa kutumika, kati ya miaka 6 na 10. Cha elfu 70 nilichokigeuza kilikuwa cha 2012. Plastiki inachoka, mikanda inachoka, na kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakitakiwi kutumika tena hata kama hakina mkwaruzo, na hapo dukani nani atakuambia historia yake? Ukipata chenye tarehe nzuri, mikanda yote, lebo zote, na unamfahamu aliyekitumia, chukua. Mtoto mdogo aangalie nyuma mpaka afike miaka miwili hivi, asiwekwe kiti cha mbele kwenye eabegi, na usimfunge akiwa na jaketi nene la sufi maana mkanda unakaza jaketi na sio mtoto. Kwa sisi wa Hiace na Kosta za Moshi Arusha, kilomita 80 mtoto kwenye mapaja, kiti cha gari ni stori ya watu wengine, nalijua hilo. Angalau ukae viti vya katikati, na dereva akikimbia ongea, usione aibu, abiria wote wanataka kusema wanasubiri wa kuanza.

Viti vya kulia ndo nilipofurahi. Angalia tu mkanda upo na una kile kipande cha kupita katikati ya miguu, bila hicho mtoto anateleza chini ya meza yake ananasa shingo. Angalia miguu haichezi. Changu kina mkanda kamili, nimekisugua kwa dawa ya meno na kimekuwa kipya.

Kuna mambo madogo ya kaunta. Midoli inayoimba, fungua uone mfuniko wa betri una skrubu. Kama unafunguka kwa ukucha na ndani kuna zile betri bapa za duara za saa na rimoti, rudisha. Mtoto akimeza ikakwama kooni inachoma koo kwa umeme wake, saa mbili zinatosha kutoboa kidonda kibaya, na kwa nje unaona tu anatokwa udenda na kukataa kula. Hapo ni hospitali, Mawenzi au KCMC, muda huohuo apigwe eksirei, usimtapishe. Na hapa asali inarudi: mwongozo wa sumu wa Marekani unasema kama ameshapita mwaka mmoja na anameza vizuri, mpe vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, inapunguza kuungua. Mkiwa njiani, sio mkikaa nyumbani mnaitafuta.

Pia anauza cheni za shanga za rangi ya asali, anasema za kuotesha meno. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, walitoa onyo Desemba 2018 baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na ya kwake akiwa kalala mchana, na ikikatika shanga zinaingia kooni. Hata zile kamba nyeusi na shanga za kwetu za kuzuia jicho, mimi siingilii imani ya mtu, ila shingoni usiku toa. Tukiwa hapo dada mmoja mteja akadakia eti kama meno yanamsumbua na anaharisha basi ni meno ya plastiki, anajua bibi anayeng'oa. Mama mwenye duka ndo akamjibu kabla yangu, kwamba hayo yanayong'olewa ni vifuko vya meno yenyewe, mjukuu wa jirani yake alitoka na maambukizi. Kuharisha ni ORS na zinki na kliniki. Poda pia tuipunguze, sio kwa bei, kwa kiasi tunachopaka. Johnson & Johnson wenyewe waliacha kuuza poda ya watoto ya talki Marekani na Kanada 2020 na dunia nzima 2023 kwa kesi walizokuwa nazo, na poda ya talki au ya wanga wa mahindi zote zikipulizwa usoni mwa mtoto zinaingia kwenye mapafu.

Huduma yenyewe nzuri. Risiti hamna mpaka uombe, kurudisha kitu hakuna ila kubadilisha anakubali ukirudi na sura ya upole, malipo ya simu anapokea na makato anakuachia wewe. Kaka akikuona unasoma lebo atakuharakisha, usiharakishwe. Siku hizi nikiingia ananiuliza "dada leo umekuja na kopo?" na juzi nimemkuta anapima kitanda kwa rula mwenyewe mbele ya mteja, na kile cha kuegemea sijakiona tena, sijui kimerudi stoo au kimepata mtu.

Mzigo mpya unafunguliwa Alhamisi asubuhi na nguo nzuri zinaisha kabla ya saa nne. Ukija na bajaji mwambie akushushe upande wa pili wa barabara, pale mbele ya mlango mtaro hauna mfuniko na ukiwa na mtoto mgongoni na beseni mkononi huoni unapokanyaga, nimeshamwambia mama aweke hata ubao.